Mashini ya Sidonie

Siku Sidonie alipoangukia moto, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa karibu kuiva. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mbabula, akipuliza makala, kifafa kikamkamata pale pale. Mkono wake wa kushoto ulilala ndani ya makala mpaka mama mkwe wake, Mama Pélagie, aliposikia harufu isiyokuwa ya chakula, akaja mbio kumvuta.

Alipona. Mkono ulibaki umekunjamana kuanzia kiwiko hadi vidoleni, lakini ulishika jembe, ulifua nguo, ulibeba ndoo. Kisichopona ni neno alilotamka Mama Pélagie mbele ya watu wote wa nyumba: tangu leo Sidonie hataingia tena jikoni. Hakuna aliyebisha. Blaise, mume wake, aliinamisha kichwa. Régina, dada ya Blaise, ambaye alikuwa amerudi Kabambare baada ya ndoa yake kuvunjika huko Salamabila, ndiye akakabidhiwa mwiko na vyungu.

Mwanzoni Sidonie alidhani ni huruma. Ilikuwa huruma kweli, ila ilikuwa na meno. Baada ya moto, walimwondolea sahani: akapewa ya kwake peke yake, kisha kikombe cha kwake, kwa sababu watu walisema mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Akavumilia. Halafu siku moja alimmenyea binti yake Naomie ndizi mbivu. Mtoto aliipokea, akaitazama, akaiweka juu ya kigoda.

"Koko amesema nikikula mu mikono yako, nitaanguka kama wewe," Naomie alisema, akimtaja bibi yake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mvua.

Sidonie aliichukua ile ndizi akaila yeye mwenyewe, yote, bila kusikia utamu wake. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akaenda kituo cha afya kwa muuguzi Olga, aliyekuwa akimpa vidonge. Vidonge vilipunguza kifafa, havikukimaliza.

"Kifafa hakiambukizi," Olga alimwambia. "Si kwa mate, si kwa sahani, si kwa mikono. Huo ni uongo wa zamani. Lakini nisikudanganye, mama: moto wazi ni adui yako. Hapo mama mukwe wako iko na haki."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Sidonie alitafuna neno hilo. Kama adui ni moto wazi, basi atatafuta moto uliofungwa.

Aliuona mahali ambapo hakuutafuta. Blaise alikuwa na kibanda cha kuchajia simu, chenye panneaux za umeme wa jua kwenye paa na friji ya kuuzia vinywaji baridi. Mwanamke mmoja mfanyabiashara wa Salamabila alikuwa akingoja simu yake ijae, huku akitazama video. Ndani yake kulikuwa na mashini pana yenye vikapu viwili vya kuvuta kama droo za kabati. Huku mtu alitia viazi, kule samaki. Hapakuwa na mwali wala makala wala mafuta ya kuchemka. Hewa ya moto tu, imefungiwa ndani.

"Rudisha, mama," Sidonie aliomba. "Rudisha tena."

Kesho yake alimkuta Blaise juu ya ngazi akipangusa vumbi kwenye panneaux.

"Papa Naomie, ninataka mashini ya kukaanga na hewa. Ya vikapu viwili."

Blaise alicheka, kisha akaona kwamba mkewe hacheki. "Mama Naomie, ile ni ya watu wa Bukavu. Hapa courant tutaitoa wapi? Kitu chenye joto kinakunywa courant kama ngombe."

"Convertisseur yako, ile ya kugeuza umeme wa jua, inabeba nini?"

"Saa sita, jua kali, friji imezimwa... labda wati elfu mbili. Hapo tena nimejikaza."

"Elfu mbili," Sidonie alirudia. "Basi nitatafuta isiyofika elfu mbili. Pesa itatoka kwa karanga za shamba langu."

"Na mama atasema nini?"

"Atasema. Mdomo ni wake, karanga ni zangu."

Kabambare hapakuwa na mashini kama hiyo. Kasongo ilikuwapo, aliambiwa na Pacifique, mdogo wake aliyekuwa akibeba abiria kwa pikipiki kwenye barabara hiyo. Asubuhi ya safari Mama Pélagie alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Mutu wa kifafa hapandi pikipiki! Munataka kuniletea maiti?"

Sidonie alitoa kitenge kirefu, akapanda nyuma ya Pacifique, na Pacifique akakizungusha kiunoni mwao wote wawili, akafunga fundo tumboni pake, akalikaza kwa nguvu zake zote.

"Mama," Sidonie alisema, "wa kwanza kunifunga kwa kitenge alikuwa mama yangu. Leo ni mudogo wangu. Hakuna aliyeniangusha."

Wakaondoka, tope likiruka. Barabara ilikuwa mbaya kama kawaida yake: mashimo yenye kina cha kisima, madaraja ya magogo, milima ambapo wote wawili walilazimika kushuka na kusukuma. Walilala njiani kwa ndugu zao. Walipoingia Kasongo mgongo wa Sidonie ulikuwa umekufa ganzi, lakini kichwa chake kilikuwa wazi.

Duka lilikuwa la Atumani, mzee mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, aliyezungumza na wateja kana kwamba kila mmoja ni mgeni wa harusi yake. Mashini zilikuwa tatu juu ya rafu.

"Mama, karibu. Chukua hii," alisema akigonga mashini kubwa ya kikapu kimoja. "Kuku muzima anaingia. Wamama wote wanaipenda."

"Mama mukwe wangu hali kambale," Sidonie alisema. "Ni mwiko wa ukoo wa baba yake. Hata kitu kilichoguswa na mafuta ya kambale hatii kinywani. Mume wangu naye asipokula kambale anasema ameshinda na njaa. Nikivipika mu kikapu kimoja, nimenunua vita."

"Basi vikapu viwili."

"Hewa ya huku inapita kule?"

Atumani alivuta droo zote mbili, akamwonyesha. Katikati palikuwa na ukuta, na kila upande ulikuwa na pangaboi lake na waya zake za moto. Sidonie aliingiza mkono mpaka ndani, akapapasa ukuta ule kutoka mbele hadi nyuma. Haukuwa na tundu.

Za vikapu viwili zilikuwa za namna mbili. Moja ilikuwa nyembamba na ndefu, kikapu juu ya kikapu, yenye kioo cha kuchungulia. Atumani aliisifu hiyo: haili nafasi mezani, inapendeza, watu wa Kindu hawataki nyingine. Sidonie alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja juu ya mashini akaisukuma kwa nguvu, kama mtu anayeanguka. Ikayumba. Atumani aliruka akaikumbatia kabla haijatoka kwenye rafu.

"Mama! Unaivunja!"

"Sijaivunja. Nimeiuliza swali."

Akaigeukia ile pana, yenye vikapu vilivyokaa sambamba. Aliisukuma kwa bega. Ilisogea kidogo, ikakwaruza rafu kwa miguu yake ya mpira, ikatulia. Alivuta droo kwa kidole kimoja, haikutoka. Ilitaka mkono mzima. Akamwomba Pacifique aigeuze, akasoma kwa nyuma: wati elfu moja na mia saba. Ile nyembamba ilikuwa imezidi elfu mbili kwa mbali.

"Sasa iwashe," alisema.

"Mama, bidhaa haiwashwi mbele ya kununuliwa."

"Kama haiwashwi, hainunuliwi. Pacifique, twende."

Walikuwa wamefika mlangoni Atumani alipowaita. Jenereta likanguruma nyuma ya duka, mashini ikaanza kuvuma. Wateja wengine walisogea kutazama. Sidonie alingoja hadi hewa iliyotoka kwa nyuma ikawa ya moto kabisa. Ndipo akakunja mkono wa blauzi, na kovu lote likaonekana, kutoka kiwiko hadi vidoleni. Alilaza mkono ule ubavuni mwa mashini, akauacha hapo. Akauhamishia juu. Akauleta mbele, kwenye mishikio. Palikuwa na joto, joto la jiwe lililoota jua, wala hapakuchoma. Alipojaribu nyuma, akautoa haraka.

"Nyuma inauma," alisema. "Nyuma itatazama ukuta."

"Lakini isiuguse ukuta, mama," Atumani alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Iachie pumzi. Samahani nikiuliza, mama... ni nini kilikuchoma?"

Sidonie alikuwa amezoea kujibu swali hilo kwa kusema maji ya moto. Siku hiyo alichoka na maji ya moto.

"Makala. Niko na kifafa. Nilianguka ndani ya makala."

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu naye alirudi nyuma, akivuta kitenge chake. Sidonie alimtazama usoni mpaka yule mwanamke akakosa pa kuweka macho.

"Hakiruki, mama," alimwambia.

Walirudi na boksi limefungwa nyuma ya Sidonie kwa kamba za mpira. Blaise alikuwa amepasua mbao nzito, akatengeneza meza na kuipigilia misumari ukutani, waya kutoka kibandani ukipita juu ambapo hakuna mguu wala mkono ungeukamata. Hakuambiwa na mtu. Sidonie alipoiona ile meza aliigusa, kisha akaweka mashini juu yake.

Mama Pélagie alikuja, akaizunguka mashini kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa.

"Inasonga bugali?"

"Hapana, mama. Haisongi bugali."

"Jiko lisilosonga bugali si jiko."

"Bugali ni ya Régina. Mboga ni yangu."

Jumapili baada ya misa, jua likiwa kali utosini, Blaise alizima friji. Sidonie alipaka kambale chumvi, pilipili na mawese kidogo, akawapanga katika kikapu cha kushoto. Cha kulia alitia vipande vya kuku. Mikono yake ilikuwa ikifanya kazi iliyoikosa kwa muda mrefu, na ilikumbuka kila kitu. Alifunga droo zote mbili, akazungusha vitufe vya joto na vya muda, mashini ikaanza kuvuma. Harufu ikaanza kutambaa. Régina alikuwa nje akisonga bugali, na alipiga kelele kwamba mate yanamtoka.

Ndipo Sidonie aliposikia ladha ya chuma ulimini.

Aliijua. Alipata muda wa kuachia ukingo wa meza, muda wa kusema moyoni, si leo. Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Alipozinduka shavu lake lilikuwa sakafuni. Régina alikuwa amepiga magoti, amemlaza ubavu, kitenge kimekunjwa chini ya kichwa chake. Blaise alimshika mkono. Mlangoni Mama Pélagie alikuwa amejishika kichwa, akilia.

"Nilisema! Si nilisema? Toeni kitu hicho! Kitoeni leo!"

Ulimi wa Sidonie ulikuwa mzito kama ulioazimwa. Maneno aliyaona kwa mbali, hakuweza kuyafikia. Alilala akiyangoja. Kitambo kikapita. Mashini ilikuwa imenyamaza yenyewe, na chumba kilinukia kuku.

"Nani ameungua?" alisema hatimaye.

Mama Pélagie aliendelea kulia.

"Ninauliza. Nani ameungua?"

"Hakuna mutu," Régina alisema.

"Nyumba imeungua?"

"Hapana."

"Basi. Nimeanguka mimi. Chakula hakikuanguka."

Blaise alitaka kumbeba mkewe hadi kitandani, mkewe akakataa. Alikaa juu ya kigoda mpaka magoti yakakumbuka kazi yao. Alinawa uso. Aliposimama, Régina alinyoosha mkono kuelekea kwenye droo ili amsaidie.

"Acha," Sidonie alisema. "Hii ni yangu."

Alivuta cha kushoto. Kambale walikuwa wameshika rangi ya udongo mwekundu. Alivuta cha kulia. Kuku alikuwa amekauka kidogo pembeni, kwa kuwa hakuna aliyemgeuza. Akapakua. Sahani ya Mama Pélagie alitia kuku peke yake, akampelekea kwa mikono miwili.

"Mama, kambale hajafika hapa. Ukuta uko katikati."

Mama Pélagie aliitazama ile sahani, kisha uso wa mkwewe, ambao bado ulikuwa na alama ya sakafu shavuni. Hakuipokea; aligeuka akatoka, na Sidonie akaiweka mezani. Mlango wa chumba chake ukafungwa.

Blaise aliutazama mlango, akamtazama mkewe. Akakata tonge la bugali, akavunja kichwa cha kambale, akafyonza mifupa polepole kama mtu aliyeitwa kutoa hukumu.

"Chumvi haitoshi," alisema, akachukua kipande cha pili.

Régina aliangua kicheko, akajitilia paja la kuku. Sidonie aliketi na sahani yake, akaanza kula. Naomie alikuwa amesimama karibu na nguzo. Sidonie hakumwita. Alikuwa ameapa kwamba hatambembeleza mtu, hata huyu aliyemzaa. Alichuna nyama ya bawa, akatafuna. Akasikia vidole vidogo vikigusa ukingo wa sahani yake. Bakuli lilikuwa limejaa kuku pale katikati, lakini mtoto alichukua kutoka sahani ya mama yake.

"Naomie!" Mama Pélagie aliita kutoka chumbani. "Naomie, kuya huku!"

"Ninakula, Koko," mtoto alijibu, kinywa kimejaa.

Walipomaliza, sahani ya Mama Pélagie ilikuwa bado pale ilipowekwa. Sidonie aliifunika kwa sahani nyingine, akaibeba mpaka kwenye mlango uliofungwa, akaiweka chini taratibu. Alisimama hapo, akasema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia:

"Mama, kesho ninapika tena. Useme mapema kama unataka viazi ao ndizi."