Mkono wa Stelingi Uliosuguliwa

Maneno yale mama aliyapata kwa fundi cherehani, siku aliyokwenda kupunguziwa gauni, na tangu hapo hayakumtoka kichwani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri vifungo alisema siku hizi kuna watu wanachukua chuma kipya cha ovyo, wanakifukia kwenye udongo wa chumvi, wanakimwagia maji mwezi mzima, kisha wanakifukua kimeshakuwa kizee na kuwauzia wenye magari ya kale. Akaongeza kuwa chuma cha namna hiyo kilikatika kwenye kona, gari likaingia mtaroni. Alipoulizwa kilinunuliwa wapi, aliinua kidevu tu kuelekea barabara ya magereji, akamtazama mama kwa pembe ya jicho, akanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikomkosesha raha. Barabara ya magereji ilikuwa na duka moja tu la vipuri vya magari ya kale, nalo lilikuwa la binti yake.

Lilikuwa la mumewe kwanza. Marehemu alijulikana kwa jina la Masikio, na si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa watani walidai hivyo. Chuma kikiletwa, iwe dramu ya breki au mkono wa stelingi, kile chuma kinachogeuza gurudumu, alikifunga uzi, akakining'iniza, akakigonga kwa nyundo ndogo ya mpini wa mti. Kizima kililia kama kengele na sauti ikakaa hewani. Chenye ufa kilitoa sauti fupi, nzito, kama chungu kilichopasuka. Na aliyeshika uzi alikuwa mkewe. Mwanamke kijana aliyeishia darasa la saba, kanga imefungwa kiunoni, mkono juu, anaambiwa asipumue. Watu wa gereji wakamwita Mama Uzi, naye akaliitikia jina hilo kwa fahari kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mumewe hakuwa mtu wa kutishwa na kutu. Akishika kipuri alitafuta kwanza palipolika. Tundu lililolika upande mmoja lilimwambia gari lilivutwa upande gani miaka yote ile. Mpini wa mlango uliopauka palipokaa dole gumba ulimfanya atabasamu, akamwonyesha mkewe, "Ona, huyu mwenye gari alikuwa anafungua kwa mkono wa kushoto." Basi jioni wakirudi nyumbani walikuwa wameshajua habari za watu wasiowahi kuwaona: nani alikuwa na haraka, nani alikanyaga klachi muda wote, nani alipenda gari lake mpaka akalipaka grisi mahali ambapo hakuna jicho litakalofika.

Alipofariki, mama hakuweza tena kuingia stoo. Binti akaishika kazi, na akaiweza kweli. Lakini mama ni mama. Usiku wa maneno yale alilala kama samaki kwenye kikaango, akigeuka huku na huku. Hakumuuliza mwanawe. Aliona kumuuliza ni kumtukana.

Ijumaa binti alisafiri kwenda mji wa jirani, ambako gereji kuukuu ilikuwa ikifungwa na warithi wakiuza kila kilichomo. Alisema atarudi Jumapili asubuhi, akamwachia mama ufunguo ili amwagilie maua ya dirishani pale dukani. Maua yalipata maji ya nusu dakika. Kisha mama akasukuma mlango wa stoo.

Harufu ndiyo iliyompokea: grisi ya zamani, ngozi ya viti, vumbi la mpira. Rafu zilikuwa zilezile, na kigoda cha mumewe kilikuwa bado pembeni, kimebonyea katikati. Akakaa juu yake. Akajiambia kwamba kutu ya kufukiwa ni changa na hutoka upesi, na chini yake kutakuwa na chuma kipya kinachong'aa. Akisugua viwili vitatu atajua, na roho itatulia.

Akachukua brashi ya waya na ndoo ya maji ya magadi. Akasugua dramu. Kutu ilikuwa nyeusi na ngumu, imeshikana na chuma kama gome, na chini yake kulikuwa na mikwaruzo ya miaka. Chuma cha haki. Akasugua springi, chuma cha haki. Akasugua cha tatu na cha nne, akaanza kuimba polepole. Mwanawe hakuwa mwizi. Furaha ikamwingia mikononi, akashindwa kuacha. Aliteremsha rafu nzima, akasugua, akakausha, akavipanga upya kwa ukubwa, kama sufuria. Kwenye vyuma kadhaa, upande wa ndani, aliona tone la rangi nyekundu. Alidhani ni rangi iliyorukia tu. Ikatoka kwa kusugua kidogo.

Jumamosi saa tatu asubuhi, angali anapangusa, mwalimu mstaafu akabisha hodi. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujana, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akilifufua gari la baba yake, kipande kwa kipande. Alibakiza mkono mmoja wa stelingi, wa upande wa kushoto. Dada yake mkubwa, bibi wa miaka themanini na mitatu, alitaka kupelekwa na gari hilo kwenye nyumba waliyozaliwa, na daktari alishamwambia mwalimu kwa upole kwamba safari hiyo isicheleweshwe. Ilipangwa Jumapili saa nne. Binti alikuwa amemwahidi mkono, lakini mwalimu hakuweza kungoja arudi.

Rafuni ilikuwepo mikono miwili ya aina ile. Mama akachukua uliong'aa zaidi. Mwalimu akacheka, akasema, "Shemeji, mpaka nisikie mlio ndipo niubebe. Marehemu asingeniruhusu."

Mama akatafuta uzi. Mwalimu akashika, mama akagonga. Sauti ikatoka, na kwa nukta ile stoo ilikuwa imerudi miaka thelathini nyuma: redio ya betri dirishani, mumewe amefumba macho, yeye mwenyewe kijana. Machozi yakamlengalenga. Mwalimu naye alikuwa akipepesa macho. Hakuna aliyegonga mara ya pili. Mwalimu akaufunga mkono ule kwenye gazeti, akaondoka akitembea kama mtu aliyebeba keki.

Jumapili saa mbili na nusu binti akafika, amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Alipofungua stoo, mama akiwa nyuma yake, alisimama mlangoni. Kisha akaokota beji ya mbele ya gari, ambayo rangi yake ya asili, iliyofifia kwa jua la miaka hamsini, mtu alikuwa ameiomba vilevile ilivyo. Sasa ilikuwa bati tupu. Akaiweka chini taratibu.

"Nilitaka kujua," mama akasema, na akamweleza yote, ya kwa fundi cherehani na ya kidevu. Binti alimsikiliza. Alikuwa karibu kucheka, uso ulikuwa umeshaanza kulegea, mpaka macho yake yalipofika kwenye rafu ya mikono ya stelingi.

"Mama, hapa palikuwa na miwili. Wenye nyekundu uko wapi?"

Mama akauliza nyekundu ipi. Hapo ndipo alipojua kuwa lile tone lilikuwa alama ya mwanawe. Kila kipuri kilichokufa alikitia tone kwa ndani, akakiacha rafuni kwa ajili ya mafundi wanaotaka kupima umbo wachongewe kingine. Aliona alama inatosha, maana stoo haikuguswa na mtu mwingine.

Mama akasema ule mwingine alimpa mwalimu jana. Binti akaugonga mkono uliobaki. Ukalia vizuri, mrefu, safi. Wakatazamana. Huu ndio aliokuwa amemwekea mwalimu.

Simu ya mwalimu iliita bila kupokelewa. Wakakimbilia gari la binti, mama amevaa kandambili mbili zisizofanana, na njia nzima hakusema ila, "Ni mimi niliyempa. Kwa mkono wangu." Binti alizidi kukanyaga mafuta. Alikuwa akiangalia saa.

Waliwakuta mwalimu na dada yake uani kwao. Gari lilikuwa limesimama nje ya banda, jeusi, linang'aa kama kiatu cha sherehe, na injini inanguruma. Dada mtu alishakaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, miwani ya jua usoni. Mwalimu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Binti akaenda kusimama mbele ya boneti, akainua kiganja.

Mwalimu hakupenda. Alisema ameufunga mwenyewe, amezunguka nao ua mara nne, na tena ulipigwa mbele yake ukalia. Binti akamwomba nusu saa tu, mafuta ya taa kidogo na chaki. Chaki haikuwa ya kutafutwa katika nyumba ile. Dada mtu akatoa kichwa dirishani.

"Mpe nusu saa. Mimi gari hili nimelingoja miaka kumi na moja, na sikuwahi kulalamika kwa sababu tangu utotoni wewe ni mwepesi wa kulia."

Wakaliinua kwa jeki. Binti akapaka mafuta ya taa kwenye shingo ya ule mkono, akayaacha yapenye. Akapangusa mpaka pakakauka kabisa, kisha akapaka unga wa chaki, pakawa peupe. Wakachuchumaa wote watatu. Kwa muda hakukuwa na kitu, na mwalimu akaanza kuvuta pumzi ya kushinda. Halafu pakatokea mstari mwembamba kama unywele, wa rangi ya maji. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakitoka kuilowesha chaki. Mstari ukarefuka, ukaizunguka shingo zaidi ya nusu.

Mwalimu akakaa chini, na suruali yake ya safari.

"Niligonga, shemeji," mama akasema. "Nilisikia ukilia."

"Ulisikia nini?" binti akauliza.

Mama hakutaka kudanganya tena, hata nafsi yake. "Nilisikia ile ya zamani."

Mwalimu aliugusa mstari ule kwa kidole. "Na mimi niliisikia hiyohiyo," akasema. "Nilishika uzi nikamwona yeye."

Siku ile hawakusafiri. Bibi alikunywa chai ndani ya gari lililo juu ya jeki, akasimulia jinsi baba yao alivyowapigia honi kwenye lile geti la mbao walipokuwa wadogo, na mama akamsikiliza akiwa ameketi pembeni yake, kandambili zake zikichekwa. Mwalimu alitaka stelingi yote ikaguliwe kwanza, basi Alhamisi ule mkono mzima uliobaki rafuni ulifungwa, baada ya kupakwa chaki mara tatu, na Ijumaa wakaenda. Bibi aliiona nyumba. Aliishi miezi mingine miwili.

Yule mwanamke wa vifungo, mama alimtafuta akamuuliza uso kwa uso. Kumbe hilo gari la mtaroni alilisikia kwa mtu aliyelisikia kwa mtu, na kidevu alikiinua kwa sababu shingo ilikuwa ikimuuma.

Binti hakumgombeza mama yake. Alimletea tu kalamu na kipande cha boksi, akasema aandike mwenyewe, kwa maneno yake, kwa ajili ya yeyote atakayeshika ufunguo. Mama aliandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi, akakosea, akakata, akaandika tena. Boksi hilo limepigiliwa misumari ndani ya mlango wa stoo.

MAMBO YA KUEPUKA

Usisugue kipuri kabla mwenye kazi hajakiona.

Usifute rangi, chaki wala namba usiyojua imewekwa na nani.

Usikisifu chuma kwa kung'aa, wala usikitupe kwa kutu. Tazama palipolika.

Usigonge mara moja ukaridhika. Gonga mara tatu, na mwingine asikilize akiwa amekupa mgongo.

Usitumie sikio peke yake kwa stelingi na breki. Tumia mafuta ya taa na chaki, na usiwe na haraka.

Usimpe mtu kipuri kwa sababu unampenda au anakukumbusha mtu.

Usiogope kumuuliza mwanao.

Usiweke kibovu na kizima rafu moja, hata kwa siku moja. Kibovu kikatwe vipande viwili kwa msumeno.