Kifungo cha Chini ya Kola

Mtaani hakuna aliyewahi kumwona Mzee Dakika amevaa hovyo. Alikuwa fundi saa, mgongo umepinda kwa kuinamia saa za watu, lakini kila asubuhi alitoka nyumbani kama bwana harusi: shati limenyooka, suruali ina mstari wa pasi, soksi na tai zinapatana. Watu walisema, "Mzee yule ana jicho la nguo!" Naye alizipokea sifa kwa kutikisa kichwa.

Jicho la nguo lilikuwa la mkewe. Mzee mwenyewe, tangu kuzaliwa, nyekundu, kijani na kahawia zote zilimjia kwa rangi moja, ya chai iliyopoa. Siri hiyo aliijua mke peke yake, na ndiye aliyemchagulia kila vazi. Asubuhi, kabla mzee hajashika kitasa cha mlango, mkewe alimzungushia mkono shingoni, akaiweka kola sawa, akasema, "Haya, nenda. Umependeza." Mzee akatoka kifua mbele.

Sasa mke alikuwa hospitali, amepasuliwa mtoto wa jicho. "Uzeeni huku bado unanizalia!" mzee alimtania walipopewa habari. Mke akamjibu, "Na huyu hafanani nawe hata kidogo."

Leo bandeji ilikuwa inatolewa. Jana, mzee alipokuwa anaaga, mkewe alimshika mkono.

"Mume wangu, nikifunguliwa macho, nikukute na lile shati la kijani. Nililichagua mwenyewe dukani, nikiona vizuri. Lile jekundu, la rangi ya damu ya mzee, usinivalie. Ndilo ulilomzikia kaka yangu. Sitaki kuanza kuona na msiba."

"Hilo tu?" alijibu Mzee Dakika, kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Hakuwa na wasiwasi. Kabatini, la kijani lilikaa kulia daima, la damu ya mzee kushoto. Lakini alipofungua kabati asubuhi hii, hakuna kilichokuwa mahali pake. Mkaza mwanawe, kwa wema wake, alikuwa amefua kila kitu, akapiga pasi, akapanga upya: mikono mirefu huku, mifupi kule. Yale mashati mawili, ya duka moja na mtindo mmoja, yalining'inia bega kwa bega kama mapacha.

Aliyapeleka dirishani. Chai na chai. Aliyanusa. Sabuni na sabuni. Akavaa miwani ya kazi, ile ya kuchungulia matumbo ya saa. Aliona kila uzi, rangi hakuiona.

Ndipo vidole vyake, vilivyozoea kutafuta skrubu ndogo kama punje ya mchanga, vikagusa kitu kigumu chini ya kola ya shati moja. Kifungo kidogo, kimeshonewa kwa ndani, mahali pasipo na tundu la kukipokea. Shati la pili halikuwa nacho. Lilikuwa na fundo la uzi. Akapapasa suruali: kiunoni mna kipande cha utepe. Koti nalo lina alama yake.

Akakaa kitandani. Kumbe ule mkono wa shingoni! Macho yalikuwa yamemwacha mkewe zamani, kabla hata ya habari ya daktari, naye hakusema. Aliendelea kumvalisha kwa vidole. Na yeye, mjinga wa watu, miaka yote alidhani ni mahaba.

"Na nani amesema hayakuwa mahaba?" alijiuliza kwa sauti.

Lakini kifungo kilikuwa cha furaha au cha kilio? Angeweza kubahatisha. Ila saa haitengenezwi kwa kubahatisha, na mke hapokewi hivyo. Akabeba mashati yote mawili mpaka uani, alikokuwa mkaza mwana akisugua sufuria.

"Mwanangu, lipi la kijani?"

Mwanamke akaangua kicheko. "Baba naye! Asubuhi yote hii umeanza vitendawili?"

"Sitanii. Sijui. Sijawahi kujua."

Kicheko kikakatika. "Yaani hata zile soksi, baba?"

"Hata soksi. Ni mama yako huyo."

"Maskini, na mimi nimelivuruga kabati!"

"Umelipanga vizuri mno, ndiyo shida yenyewe."

Wakacheka wote wawili, na mzee akashangaa jinsi siri nzito vile ilivyotua chini bila kuvunja kitu. Mkaza mwana akaligusa shati lenye kifungo. "La kijani ni hili. Na hiyo suruali uliyovaa kabadili, baba. Vaa ya kijivu."

"Kwani hii si ya kijivu?"

"Ya kahawia hiyo."

"Makubwa!" alisema mzee, akarudi ndani kubadili.

Hospitalini, muuguzi alitoa bandeji taratibu. Mke alipepesa macho, machozi yakimtiririka kwa mwanga. Kabla hajatazama lolote, mkono wake ulienda wenyewe kwa mazoea mpaka shingoni kwa mumewe, vidole chini ya kola. Vikakuta kifungo. Mzee akaushika mkono ule palepale.

"Leo tumia macho," alimwambia.

Mke alimtazama kwa kituo. "Kijani," alisema. "Nani amekuchagulia?"

"Nimemuuliza mkaza mwanao."

"Wewe? Umeuliza?"

"Nimeuliza. Na wewe, mbona hukuniambia macho yamekuacha zamani?"

"Ningekuambia, ungevaa nini?"

Mkewe akamsogeza karibu, akamkagua kuanzia kwenye viatu hadi utosini, na huko utosini akaduwaa.

"Mvi zote hizi umezitoa wapi?"

"Si ulikuwa ukinishika kila asubuhi?" alisema Mzee Dakika. "Vidole vyako vilijua rangi zote, hiyo moja tu ndiyo imevishinda."