Mikono ya Chini

"Huu mchezo wa sarakasi aliutunga nani?" wakili aliuliza.

Narmandakh akanyamaza. Jamani, kunyamaza nako ni kusema, ila inategemea nani anasikiliza. Kwao Mongolia jina la marehemu halitajwi ovyo. Ukilitaja unamvuta nyuma, asifike anakokwenda. Na mtungaji wa mchezo ule alikuwa marehemu. Basi hiyo ndiyo sababu aliyojipa.

Bi Kowalski, wakili mwenye haraka zake kama watu wote wa Las Vegas, alidhani mteja wake anaona haya kujisifu.

"Acha aibu, shoga yangu! Unyenyekevu haukupi ukaazi wa kudumu. Afisa wa uhamiaji anatafuta mtu mwenye kipaji kisicho kifani. Mtu mmoja, si wawili. Nasema umeutunga peke yako, sawa?"

Narmandakh alitazama kucha zake. "Sawa."

Peke yako! Mchezo ulikuwa wa wawili tangu siku ya kwanza. Mwenzake, yule marehemu, alijipinda kama daraja akiegemea nyayo na kichwa, na Narmandakh akasimama kwa mikono juu ya kifua chake, kisha akaishusha miguu kwa nyuma, taratibu, mpaka nyayo zikatua kichwani mwake mwenyewe. Wa chini alimshika vifundo vya mikono asiyumbe. Vidole vyake vilikuwa baridi siku zote. "We, umetoka kukamua mbuzi kwenye theluji?" Narmandakh alikuwa akimtania, na yule akicheka mpaka wote wawili watikisike.

Ugonjwa wa tumbo ulimchukua upesi, mwili wake ukasafirishwa kwao kuzikwa. Narmandakh akaupunguza mchezo uwe wa mtu mmoja, akawa anasimama juu ya vigingi viwili vya mbao. Na tangu usiku ule wa kwanza, kila akigeuka kichwa chini, vidole vya baridi vilimshika vifundo vya mikono.

Aliogopa, tena sana. Alinyunyiza maziwa nje ya mlango wa nyumba yake ya kupanga, kama kwao wanavyomwaga msafiri, majirani wakimshangaa, akanong'ona, "Dada, nenda salama. Nimekukosea nini?" Alijua alichomkosea. Vidole havikuondoka.

Angefanyaje? Mkataba wa ukumbi ulikuwa unaisha majira ya kuchipua. Bila ukaazi ingebidi arudi, na binti yake Anujin alishasahau hata kuomba chai kwa Kimongolia. Mtoto alikuwa na marafiki, ana mwalimu anayempenda. Mama gani angemng'oa?

Ombi lilipokuwa tayari, limebaki kutiwa saini tu, simu ikalia. Ni mama wa marehemu, kutoka Ulaanbaatar.

"Mwanangu, mmeamkaje huko? Jibini kavu niliyokutumia imefika?"

"Imefika, mama. Anujin ameimaliza yote."

"Mlafi huyo, kama wewe." Bibi akacheka, kisha akashusha pumzi. "Sikiliza. Mwaka umepita, na lama, mtawa wetu, ameshamsomea sala. Mimi niliyemzaa nakupa ruhusa: mtaje. Hao Wamarekani wajue mchezo ni wa nani. Unawaambia?"

Hapo kisingizio kilikwisha.

"Nawaambia, mama."

"Ahsante, mwanangu. Sasa nitapata usingizi."

Kulipokucha alikwenda kwa wakili. Njiani alijiapiza kwamba atasema, na mlangoni akajiapiza tena. Bi Kowalski akamsogezea kalamu na kumpiga begani: "Twende, nyota!" Naye akatia saini. Maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge, alijiambia, na akajichukia kwa kusema hivyo.

Ombi likakubaliwa. Kadi ya ukaazi ilipofika Anujin aliibusu, akaruka kitandani mpaka jirani akagonga ukuta. Narmandakh alilia, na wote wakasema ni furaha.

Usiku ule ukumbi ulijaa. Bi Kowalski alikaa mstari wa mbele, Anujin pembeni yake. Narmandakh akashika vigingi, akainua miguu, akageuka kichwa chini. Akasubiri ile baridi.

Haikuja.

Akashusha miguu kidogo, akasubiri tena. Vifundo vilikuwa vyake tu, vya moto, vyenye jasho. Ndipo alipoelewa, maskini, kwamba mikono ile haikuwahi kuja kumtisha. Ilikuwa kazini. Mwaka mzima ilimshikilia, mpaka kadi ilipokuja kuthibitisha alichotia saini mwenyewe: kwamba hakuna aliyemshika.

Mwili wake ukaanza kuyumba.

"Khongorzul," aliita. Lilikuwa jina ambalo midomo yake haikuwa imelitaja tangu mazishi. Akaita tena, kwa sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma: "Khongorzul, nishike!"

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.