Mashine ya Aciro

Kwa miaka saba Laker alikuwa mgonjwa pekee wa sukari katika kambi ile ya polisi, njia ya kwenda Port Bell, na hakuna aliyemwonya kwamba cheo hicho nacho mtu anaweza kunyang'anywa.

Alijichoma sindano asubuhi na jioni. Dawa aliihifadhi chumbani mwake, katika chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi ili isipate joto, kisha akashuka uwanjani kucheza netiboli na peremende mbili ndani ya soksi. Alikuwa senta wa timu ya kambi. Siku za kliniki daktari Saverio alimsimamisha mbele ya wazazi waliokuwa wakilia na vitoto vyao: "Mtazameni huyu. Ana sukari tangu akiwa na miaka kumi na minne, na nusu ya mabinti wa Kampala hawamwezi kwa mbio." Laker aliinamisha uso kana kwamba anaona haya. Haya gani? Maneno hayo alikuwa akiyasubiri mwezi mzima.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni wa kambi ile alikuja, mwenyeji akaugua. Aciro alikuwa mtoto wa dada yake Afande Alal, koplo aliyekuwa kocha wa timu, naye alikuwa na sukari kama Laker. Ila Aciro hakujichoma. Kaka yake aliyeko ng'ambo alimletea mashine ndogo kama kiberiti, inakaa kiunoni, mrija wake mwembamba unaingia tumboni na kudondosha insulini kidogo kidogo usiku na mchana. Asubuhi kabla ya kukimbia kilima alibonyeza, dawa ikapungua, sukari isimshuke njiani. Akirudi alibonyeza tena, akaketi kunywa chai. Mambo yamekwisha.

Laker alimchukia. Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe aliujua. Alichukia ule mlio mdogo wa kubonyeza, alichukia fulana iliyopandishwa kidogo kana kwamba ili kila mtu auone mrija, ingawa Aciro hakuwa na habari na macho ya watu. Kliniki iliyofuata daktari Saverio alimsimamisha Aciro. "Mtazameni huyu," alisema. Laker akabaki kwenye benchi ameshika kadi yake. Na wiki ileile Afande Alal akampa Aciro nafasi ya senta, kwa sababu ya haki kabisa: Laker alizoea kuishiwa nguvu robo ya mwisho, Aciro haishiwi. Angeonewa ingekuwa nafuu.

Jumamosi walikuja kucheza nao wasichana wa timu ya Kibuli. Katika netiboli watu hugongana, kwa hiyo Aciro huvua mashine kabla ya kuingia uwanjani. Saa moja bila hiyo haimdhuru. Saa nne kamili aliichomoa, akamletea Laker aliyekaa benchi la akiba.

"Dada, shikia mimi hii. Hapa ni wewe tu najua hii mambo."

Laker aliipokea. Ilikuwa bado na joto la tumbo la mwenzake. Aliishika mechi nzima, akimwangalia Aciro akiruka pale ambapo yeye angeruka, na kambi ilipofunga bao la ushindi na wanawake wakambeba Aciro juu wakipiga vigelegele, Laker aliichomeka mashine kiunoni mwake, akafanya kama anaenda chooni. Alitaka kufika getini tu. Pale askari wa zamu akaiona.

"Eh, Laker! Na wewe umepata?"

"Nimepata," akasema.

Neno lile lilikuwa tamu mno. Badala ya kurudi, alipanda boda hadi soko la Owino.

Huko alijaribu suruali za michezo kwa Kaltumi, mwanamke wa mitumba mwenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Kaltumi akauliza ni kitu gani hicho, simu? Laker akamweleza: kinamdondoshea dawa, yeye ni senta wa timu, kaka yake yuko ng'ambo. Maisha yote ya Aciro aliyamwaga pale juu ya rundo la nguo kana kwamba ni yake. Kaltumi alipiga makofi, akawaita majirani waje waone. Laker akajigeuza mbele ya kioo, ubavu huu, ubavu huu.

Simu ikaita. Ni Aciro. "Dada, wewe iko wapi? Nataka mashine."

"Nakuja sasa hivi," akasema, na hakwenda.

Msidhani alitaka kuua mtu. Kila anayejichoma ana dawa ya aina mbili: ya haraka kwa ajili ya chakula, na ya polepole inayobaki mwilini nusu siku au zaidi. Ukikosa ya mchana, ya polepole inakushikilia mpaka jioni. Laker aliishi hivyo miaka saba, akadhani kila mwenye sukari anaishi hivyo. Alijipa mchana mmoja wa kuwa Aciro, basi.

Saa tisa simu iliita tena. Sauti ilikuwa nzito.

"Dada, natapika."

"Usijifanye. Si ile ya polepole ya usiku bado iko mwilini?"

"Ya usiku gani? Mimi hapana choma ya usiku. Mashine ndio yote. Ikitoka, ndani hakuna kitu."

Hakuna kitu. Laker alijua maana yake. Alikuwa hivyo siku alipogunduliwa kuwa na sukari, mama yake akimpiga mashavuni asilale. Aliiacha suruali ya Kaltumi chini, akakimbia akigonga mikokoteni na mizigo ya watu, akamwambia wa boda aendeshe kama mwizi.

Alimkuta Aciro sakafuni nyumbani kwa Afande Alal, pumzi ndefu, kinywa kikinuka tunda lililoiva kupita kiasi. Sukari ilikuwa juu hata kipimo kikakataa kutoa namba. Dawa ya kujazia mashine alikuwa nayo, lakini sindano katika kambi yote zilikuwa kwa Laker, chini ya kufuli, na ufunguo mchana kutwa alikuwa nao Owino. Laker alifungua, akampigia daktari, akaambiwa kiasi, akachoma. Pikapu ya kambi ikawapeleka kliniki.

Jua lilipokaribia kuzama dripu ilikuwa imemrudisha Aciro. Daktari Saverio aliigeuzageuza mashine kiganjani.

"Ilikuwaje?"

"Ilizima yenyewe," Aciro akasema.

Afande Alal akaitikia kwa kichwa. Alishaambiwa na askari wa getini, lakini mambo ya kambi hayamwagwi nje, hata kwa daktari. Watoto wa askari hulijua hilo kabla hawajajua kusoma.

"Kama inazima yenyewe, itakuua," daktari akasema. Akaitia kwenye droo. "Sitakuruhusu kuivaa tena. Kuanzia leo sindano, kama mwenzako Laker."

Hapo, nisiwafiche, Laker alifurahi. Walikuwa sawa sasa, na katika usawa huo yeye alikuwa amemtangulia kwa miaka saba ya sindano. Nafasi ya senta ingerudi, sifa za kliniki zingerudi, na hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, jambo ambalo kambini ni adabu.

Aciro aligeuza kichwa juu ya mto. "Daktari, na sindano nitaweza kucheza?"

"Mwenzako anacheza."

Aciro akamtazama Laker, akapandisha mkono wa fulana hadi begani. "Utafundisha mimi, dada? Naogopa sindano."

Laker alifungua mdomo aseme ndiyo.

"Haikuzima," akasema.

"Laker!" Afande Alal alimfokea kwa sauti ya chini. "Funga mdomo."

"Haikuzima, daktari. Niliivaa mimi. Nilienda nayo Owino kujiangalia kwenye kioo. Aliponipigia simu nilimdanganya. Mashine ni nzima, haina ubovu wowote."

Daktari alivuta droo, akaichunguza mashine tena, akampa Aciro. Aciro aliifuta kwa pindo la shuka. Akaifuta tena, pande zote mbili, kwa nguvu, kisha akaunganisha mrija na kuivaa. Mkono wa fulana aliuteremsha.

Hakumtazama tena Laker. Laker ndiye aliyemtazama, akaiona mashine imekaa pale kiunoni, na bado aliitamani.