Saa Tisa ya Enock

Ukuta wa mwamba kati ya duara la Maganga, yaani shimo lake la dhahabu, na duara la Bujiku, kwenye machimbo ya Katoro, ulikuwa mwembamba. Baruti ikilipuliwa huku, mawe yalianguka kule. Midomo ya mashimo ilikuwa pande mbili za kilima, na kelele za juu hazikufika chini. Kwa hiyo waliafikiana: kila siku, saa tisa alasiri, watu wa Bujiku wawe wametoka, Maganga alipue.

Aliyewasha utambi kwa Maganga ni Enock. Mdogo wake, Makoye, alichimba kwa Bujiku.

Saa ya Enock ilikuwa ya kutia ufunguo, na ilipoteza majira upesi. Mwezi wa Februari aliona kwamba adhana ya adhuhuri pale senta ililia saa saba kamili ya redio. Tangu hapo hakutaka redio. Kila mchana adhana ikilia, alirudisha mishale kwenye saa saba.

Ikafika Novemba.

"Kaka, saa yako inakimbia," Makoye alimwambia mbele ya watu. "Jana mmelipua ndio kwanza tunakanyaga ngazi."

"Redio yenu inakohoa kama bibi kizee, halafu unanifundisha saa?"

Watu walicheka. Makoye hakucheka. Alisema Jumapili wapeleke saa na redio kwa Imran, muuza vitenge wa jirani na msikiti, awaamulie. Enock akakubali, maana alijua atashinda.

Kesho yake alilipua.

Wa kwanza kuvuka kilima alikuwa Bujiku mwenyewe, mweupe kwa vumbi. Alionyesha kwa mkono upande wa shimo lake. Enock alikimbia hadi kwenye mdomo wa lile shimo, akaanza kufukua kwa mikono. Imran alileta pikapu yake kubeba majeruhi, na Enock, huku akifukua, akamuuliza adhana ililia saa ngapi.

"Saa sita na nusu na kidogo. Inafuata jua, bwana. Mwezi wa pili inachelewa, sasa inawahi. Nani alikwambia ni saa saba siku zote?"

Hakuna aliyemwambia.

Walitolewa watatu, wakiwa hai; Makoye hakuwamo. Kisha ardhi ikashuka tena, na Bujiku akaamuru watu waache. Ilibidi wanaume wanne wamshike Enock.

Mama yao, Mbuke, alifika kutoka sokoni. Watu wakampisha. Alimwona mwanawe mkubwa mzima, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamfuta tope usoni kwa khanga.

"Na mwenzako yuko wapi?"

Enock aligeuza macho kwenye shimo. Mama aliendelea kumfuta.