Mbao za Kimbiji

Atuganile alikuwa mhasibu mkuu wa kampuni ya samani pale Keko, na kila mwaka yeye ndiye aliyesaini tamko linalotakiwa na sheria, kwamba hesabu za kampuni zinaonyesha hali halisi. Mwaka huu alikataa.

Kisa kilikuwa ghala la Kimbiji. Taarifa ya fedha ilisema limejaa mbao nzima za mninga, tayari kwa mafundi. Atuganile alikwenda kuliona. Paa lilikuwa limetoboka tangu masika, mchwa wameshajilia. Ubao alioushika ulimomonyoka mkononi.

"Sasa unataka benki ione nini?" aliuliza Valerian, mkurugenzi, macho kwenye simu. "Tukipata mkopo tutanunua mbao nyingine. Nani ataumia?"

"Benki, bosi. Na mie nitakayesaini. Siwezi kuandika mbao ambazo hazipo."

"Mkaguzi mwenyewe karidhika na picha, wewe unang'ang'ania nini?"

Atuganile akampigia mkaguzi wa nje, Ummehani, akamwomba akaone kwa macho yake. Gari lao likazama mchangani kabla ya kufika, wakamalizia kwa miguu, Ummehani ameshika viatu mkononi. Alichungulia ghalani, akageuka.

"Picha nilizoletewa ni za kwingine," alisema. "Na mimi nikazikubali."

"Utaandika?"

"Nitaandika, dada. Ndiyo kazi yangu."

Rasimu ya ripoti yake haikuficha kitu. Atuganile akadhani yamekwisha. Lakini Valerian aliitisha mkutano wa wanahisa, yaani yeye, mkewe na shemeji yake, wakapiga kura na kumwondoa Ummehani, taratibu zote zimefuatwa. Mkaguzi mpya hakukanyaga Kimbiji. Mhasibu wa kukodi akasaini tamko, benki ikatoa mkopo, na Atuganile akapewa barua kwamba kampuni inapunguza wafanyakazi.

Akaenda kwenye ofisi ya serikali inayopokea malalamiko kuhusu hesabu za uongo. Ofisa aliyemsikiliza alikuwa mpole, na upole huo ndio uliozidi kumchosha. Alimweleza kwamba Ummehani naye alishalalamika, ila jalada lake linasubiri majibu ya kampuni.

"Na wasipojibu?"

"Tunawakumbusha."

"Mmeshawakumbusha?"

"Ndiyo, kwa barua."

"Wakajibu?"

"Bado, dada yangu. Ndiyo maana tunasubiri."

Atuganile alitaka kupiga meza. Badala yake aliomba kalamu, akaandika lalamiko lake kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, akaambatisha picha alizopiga ghalani. Ofisa akaligonga muhuri, akaliweka juu ya lile la Ummehani, akamwambia atapigiwa simu.

Nje jua lilikuwa kali. Atuganile alisimama barazani, watu wakimpita kuingia na kutoka, ana hasira na hamna wa kumpa. Kisha akampigia Ummehani kumwambia kwamba sasa wanasubiri wawili.