Maji ya Wapita Njia

Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, Akko Tiya alisuuza kikombe cha bati, akamwagia mche wa mpapai maji ya kusuuzia, kisha akamwita mjukuu wake Hibo aje afungue mfereji. Mpira mweusi ulipita chini ya ua wa miiba hadi kwenye pipa la bluu lililokaa upande wa barabarani. Pipa likijaa, Akko alilifunika na kukiinamisha kikombe juu ya kifuniko. Kabla ya hapo hakutaka hata kusikia habari za chai.

Asubuhi hiyo Hibo alifungua mfereji, ukakohoa kidogo, ukanyamaza. Alidhani stima imepotea kwenye kisima cha mradi, kama ilivyozoeleka pale Burat. Akachungulia barabarani. Ekiru, fundi wa mradi wa maji, alikuwa amechuchumaa mbele ya kisanduku cha mita yao, spana kwapani. Alikuwa ameshafunga koki, na sasa alikuwa akiitia kufuli. Alipoona ameonekana, alisema habari ya asubuhi kwa sauti ya mtu anayeomba asijibiwe.

Akko alitoka na kikombe chake mkononi. Hakukijua Kiswahili vizuri, au ndivyo watu walivyoamini, kwa hiyo Hibo alisimama katikati kama kawaida, akipokea Kiborana huku na kutoa Kiswahili kule. Ekiru alieleza kwamba yeye ametumwa tu. Kamati imeihamisha nyumba hii kwenye bei ya biashara, na koki itabaki imefungwa mpaka Akko aende ofisini wakubaliane. Aliyasema hayo akiliangalia pipa. Yeye mwenyewe alikunywa hapo karibu kila alasiri akirudi kazini, na siku hiyo hakuthubutu hata kugusa kifuniko.

Mita zilikuwa bado ngeni pale. Zamani kila nyumba ilitoa mchango uleule kila mwezi, mwenye ng'ombe na asiye na kuku wote sawa. Kisha stima ya kuvutia maji ikapanda, ikapanda tena, na mradi ukafunga mita ili kila mtu alipe alichochota. Wengine wakaona mwanya, wakaanza kuwauzia majirani kwa mtungi. Kamati ikatoa sheria: mfereji unaohudumia watu wa nje ni kioski, na kioski kinalipa mara mbili. Hakuna aliyeipinga. Akko mwenyewe alisema ni sheria nzuri, kwa kuwa haikumhusu.

Lakini Makandi, meneja wa mradi, alikuwa amepita siku moja na pikipiki yake, akawakuta wachungaji kutoka Leparua wamelizunguka pipa, na Nakuam, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara, akiweka debe la makaa langoni. Akaingia ndani. Alikaribishwa kiti na chai ya maziwa, na baada ya salamu akauliza kwa upole kama watu wale wanalipa.

Akko aliweka birika chini. Alisema kwa Kiborana, "Muulize yeye anauza pumzi kwa bei gani. Kwetu Merti hata mwizi wa ngamia hunyweshwa kwanza, ndipo anaulizwa ngamia wako wapi. Mwambie akirudia swali hilo, hiyo chai aiache."

Hibo alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuwa amerudi kutoka chuo na stashahada yake ya maendeleo ya jamii, lakini kusema mbele ya watu watatu bado kulimtisha, na kumuumiza mgeni ndani ya nyumba yao kulimshinda kabisa. Akatabasamu. "Anasema samahani, Madam. Hauzi. Ni vile watu wakipita wanamletea chochote walicho nacho, kama shukrani."

"Wanaleta," alisema Makandi.

"Ndiyo. Wakipenda."

Makandi alishukuru kwa chai, akaaga. Akko alimfuata kwa macho mpaka pikipiki ikapotea, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Mbona maneno yangu yanaingia kwako marefu na kutoka mafupi?" Hibo akajibu kwamba Kiswahili ndivyo kilivyo. Akko akaendelea kunywa chai.

Sasa koki ilikuwa na kufuli. Hibo alimsihi bibi yake waende ofisini siku hiyohiyo, waongee vizuri. Akko alimjibu kwamba ataenda siku watakayokaa wote, wala si kumfuata mtu mmoja mezani kwake kama anayeomba mkopo. Akaenda nyuma ya nyumba, akamtandika punda mitungi, akashika njia ya mtoni.

Wakati huo wa mwaka mto Isiolo ulikuwa mwembamba, na maji yalikuwa ya rangi ya chai. Hibo aliyachota kwa kibakuli akiyachuja kwa leso, mtungi baada ya mtungi, huku Akko akimshika punda na kumsimulia habari za kamati. Waliporudi, Hibo alielekea jikoni na mtungi wa kwanza. Akko alimgeuza begani. Pipa kwanza. Ya nyumbani yangekuja safari ya pili, na safari ya pili jua lilikuwa limeshapanda na magoti ya Akko yalikuwa yanalalamika kwa sauti.

Baba mdogo Abdikadir, mfanyabiashara wa mbuzi mjini, alipiga simu jioni. Habari zilikuwa zimemfikia. Alizungumza kwa muda mrefu, na kiini chake kilikuwa kwamba dunia imebadilika, basi mama aweke bei ndogo kwa kila mtungi, alipe hiyo biashara yao, yaishe. Akko alisikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama mbuzi wameuzika vizuri, akakata simu.

Nakuam alikuja kesho yake na debe jingine la makaa, kubwa kuliko la kwanza, akalibwaga langoni makusudi ili barabara nzima isikie.

"Kumbe makaa yangu imekuwa pesa," alisema. "Basi leo nataka chenji."

Hibo alicheka. Nakuam naye alicheka, kisha akaacha ghafla. "Lakini niambie, mtoto. Huko barabarani wanasema ni wewe ulimwambia Madam tunalipa. Mimi nikawaambia huyo msichana hata nzi akimfukuza anamwomba ruhusa, atasema saa ngapi?"

Hibo aliokota kipande cha kaa kilichodondoka, akakirudisha kwenye debe. Nakuam hakungojea jibu. Alikunywa kikombe kimoja, akakiinamisha juu ya kifuniko, akavuka barabara.

Habari ikienda haiendi peke yake. Iliwafikia wapita njia kwamba bibi wa pipa la bluu amefungiwa maji kwa sababu yao. Wengine waliacha kusimama. Walipita upande wa pili wa barabara wakiwa wameangalia mbele, midomo mikavu. Wengine walifanya jambo baya zaidi, ingawa walilifanya kwa wema. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiswaga kondoo kuelekea mjini alikunywa, akafuta mdomo, akaacha sarafu juu ya kifuniko.

Akko aliiona kutoka mlangoni. Hibo hakuwahi kumwona bibi yake akikimbia. Alikimbia kwa magoti yale, leso ikimdondoka begani, akimwita yule mtu kwa Kiborana, na yule mtu, ambaye hakuelewa, akazidisha hatua akidhani kondoo wake wameharibu kitu. Akko alimfikia karibu na kona. Aliufungua mkono wake, akaiweka sarafu ndani, akavifunga tena vidole vyote, kimoja kimoja.

Aliporudi aliketi kwenye kizingiti na kupumua kwa taabu. Hibo alimletea maji. Hakuyanywa.

"Wananilipa, Hibo," alisema. "Nani amewaambia nina bei?"

Hibo alibaki amesimama na kikombe. Kufuli lile hakulijali tena, wala safari za mtoni. Bibi yake alikuwa na kitu kimoja alichotoka nacho Merti baada ya ukame kumaliza ng'ombe, nacho ni kwamba mtu yeyote anaweza kunywa kwake bila kujieleza. Na kitu hicho kilikuwa kinaondoka langoni kidogo kidogo, kila aliyevuka barabara akichukua sehemu yake.

Kamati ilikaa Alhamisi kwenye ofisi ya mradi, chumba cha mabati kando ya pampu. Wanakamati walikuwa watatu, pamoja na Makandi nyuma ya meza. Nakuam aliingia bila kualikwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema yeye ni mteja. Ekiru alisimama mlangoni. Hakuna hata mmoja kati ya wanakamati aliyekijua Kiborana zaidi ya salamu, kwa hiyo kiti cha Hibo kilikuwa kimeshawekwa, katikati.

Makandi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alieleza kwamba stima imepanda tena, kwamba wiki iliyopita pampu ilizimwa siku nzima na shule ikakaa bila maji, na kwamba asipokusanya, kisima kitabaki shimo.

"Shosho, mimi sina vita na wewe," alisema. "Lakini nikikuacha ugawe kwa bei ya nyumbani, kesho kila mwenye kioski ataniambia na yeye anagawa. Nitamjua mkweli vipi? Na mjukuu wako alikubali mbele yangu kwamba watu wanaleta."

Akasogeza karatasi. Ilikuwa na mistari michache: mwenye nyumba ataondoa pipa barabarani, na koki itafunguliwa siku hiyo hiyo kwa bei ya kawaida. Asipotaka, basi ni biashara. Mwanakamati mmoja alimwambia Hibo kwa sauti ya baba kwamba pipa ni kitu kidogo, msichana msomi ataelewa, amweleze tu mzee vizuri.

Hibo aliyatafsiri yote. Akko alisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akasimama. Alizungumza bila kupandisha sauti, na alizungumza akimtazama mjukuu wake, wala si kamati.

"Waambie kila tone linalopita kwenye mashine yao nalilipa, na halijawahi kulala deni. Likishapita ni langu. Nikitaka nitaoga, nikitaka nitawanywesha mbuzi, nikitaka nitampa mtu asiyejua jina langu. Makaa ya Nakuam ni ya Nakuam, analeta kwa sababu ananipenda, na asipoleta atakunywa vilevile. Na waambie kwamba mimi sikuomba samahani. Neno hilo nalijua. Hata sokoni watu hulisema."

Akaketi. Chumba chote kikamgeukia Hibo.

"Akko anasema..." alianza, na akalisikia likija lenyewe ulimini, lile neno laini, limeshajipanga mbele ya mengine. Aliona mikono ya Makandi juu ya karatasi, yenye kucha zilizotafunwa, na akamhurumia kweli. Kisha akakumbuka vidole vya yule mtu wa kondoo vikifungwa kimoja kimoja. Huruma ya namna hii alikuwa akiigawa kila siku, na aliyeilipia ni bibi yake.

Akaanza upya. Akayasema yote jinsi yalivyotoka, ya kuoga, ya mbuzi, ya mtu asiyejua jina, na alipofika kwenye samahani hakuiruka. Nakuam juu ya ndoo yake alisema eeh, basi, na mwanakamati mmoja akamwomba anyamaze.

Makandi alimgeukia Hibo. "Lakini siku ile hukuniambia hivyo."

"Sikukuambia," Hibo alisema.

"Sasa nishike lipi? La siku ile ama la leo?" Alichukua kalamu, akaiweka juu ya karatasi, akavisukuma vyote viwili mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Hibo. "Wewe umesoma. Weka sahihi kwa niaba yake, Ekiru afungue sasa hivi, mrudi nyumbani mpike kwa maji safi. Ama unataka aendelee kwenda mtoni na magoti hayo?"

Hilo lilimchoma mahali penyewe. Akamwangalia Akko, akitarajia aseme kitu, chochote cha kutafsiri. Akko alikuwa amefunga mdomo na kutazama ukuta wa mabati. Alikuwa amemaliza yake.

Hibo aliirudisha kalamu katikati ya meza.

"Hapana, Madam," alisema, na hapakuwa na mtu nyuma ya maneno hayo isipokuwa yeye. "Siku ile nilikuogopa, nikakupa maneno yangu nikiyaita ya Akko. Hayo yafute. Leo nasema yangu na nayataka yaandikwe. Hatuuzi maji. Bei ya nyumbani tutalipa, hata ikipanda pamoja na ya kila mtu. Ya biashara hatulipi, kwa sababu biashara hatuna. Kufuli likibaki, mtoni nitakwenda mimi, na pipa nitalijaza kabla sijajaza sufuria yangu. Ukimkuta mtu anauza, mfungie. Ukimkuta anagawa, mwache agawe. Pipa letu halitoki barabarani."